Masanduku ya Mwalimu

Asubuhi ile msusi aliandika maneno machache tu kwenye kundi la mtaa: "Nimemwona Mwalimu na masanduku mawili. Makubwa!" Basi. Hakusema kaachika. Lakini alijua fika ile alama ya mshangao aliiweka ya nini, na mioyo na vicheko vilipoanza kumiminika, "lete habari, dada!", raha ilimpanda mpaka chai ikapoa.

Mwalimu alishajitoa kundini zamani, kachoshwa na umbea. Aliyebaki ni mama yake, bibi wa kusoma tu, haandiki hata salamu. Nani angemkumbuka?

Adhuhuri Mwalimu akaja kusuka. Yeye na msusi ni mashoga tangu utotoni. Kichwa kimefika nusu, simu ya msusi ikawa haitulii: kafumaniwa, kaachwa, watoto wamebaki kwa baba! Lo! Masanduku yamezaa talaka kabla ya chakula cha mchana.

Mara ya Mwalimu nayo ikalia. Mama yake, analia kwikwi.

"Mama, tulia, presha itapanda. Nani kasema nimeachwa? Masanduku yamekatika zipu, nimeyapeleka kwa fundi! Mume wangu yuko nyumbani anafua."

Alipokata simu, akamgeukia msusi. "Shoga, mtu gani wa kumliza mama yangu?"

Msusi angeweza kusema "walimwengu hao", na lingepita. Akamtazama kwenye kioo, nusu kasukwa, nusu nywele timtim, roho ikamuuma.

"Ni mimi, shoga. Mimi ndiye niliyeanza."

Mwalimu akageuka ghafla, msuko ukamponyoka msusi. "Mwehu we! Ningeondoka sasa hivi, ila kichwa hiki nitakipeleka wapi?" Wakacheka, ingawa machozi ya Mwalimu hayakuwa ya kicheko yote. "Ulianzia kundini, kamalizie huko huko."

Msusi akaandika: "Masanduku yalikwenda kwa fundi zipu. Mwalimu yuko kwake salama. Umbea nimeuanza mimi, mnisamehe." Akasubiri. Hakuna moyo, hakuna kicheko. Kundi lilishahamia kwa kinyozi na mchumba wake mpya.

Alikuwa anafunga msuko wa mwisho simu ilipotetemeka. Ni bibi yule asiyeandika.

"Asante, mwanangu. Sasa naweza kula."

Msusi alimsomea Mwalimu ujumbe huo kwa sauti, kisha akausoma tena peke yake, na mpaka jioni akasuka huku anaimba.