Shanga za Ndama Wanne

Ugonjwa ulimwachia Seenoi miguu, mikono na uzuri wake wote. Ulichukua vya ndani tu. Alilazwa wiki sita, maambukizi ya ubongo. Aliporudi nyumbani, kule juu kwa wafugaji upande wa Endulen, alicheka vizuri, alikama vizuri, ila ng'ombe wake hakuwajua tena. Na jambo la asubuhi, kama hakulishika kwa kulirudia mdomoni, mchana lilikuwa limeshamtoka.

Sasa, mwanamke wa kule hahesabu ng'ombe, anawajua kwa sura. Kila ndama ampeleke kwa mama yake, anyonye upande mmoja, maziwa yashuke, ndipo naye akame upande wa pili. Ukikosea ndama, ng'ombe anapiga teke na maziwa anayabana.

"Mama Moringe," mumewe Lomayani alimwambia asubuhi moja, "leo jioni nasimama mwenyewe zizini. Ndama wanne tu. Ukishindwa, ng'ombe wa nyumba yako wanakwenda kwa Kakenya."

Kakenya ndiye mke mdogo, mwenye wana watatu. Ng'ombe wakihamia kwake, Moringe, mwana wa Seenoi aliyeko shule ya bweni Karatu, atarithi nini? Fimbo.

Seenoi hakulia. Mama mkwe alipowaunganisha ndama na mama zao asubuhi ile, yeye aliwafunga shanga shingoni papo hapo, ndama na mama yake rangi moja: nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu, nyeupe, kijani. Ng'ombe wakaenda malishoni, ndama wakabaki. Akaenda kuchota maji huku akirudia kama sala: zizini, ndama wanne, Moringe.

Jioni akamshika ndama mwenye shanga nyekundu, akampeleka kwa ng'ombe mwenye shanga nyekundu. Teke! Ndama akaanguka chali. Akajaribu wa buluu. Teke.

Seenoi akapapasa uzi shingoni mwa ndama. Vidole vyake havikuwa vimeugua.

"Fundo hili si langu. Mimi nafunga mara mbili. Mtu amebadilisha."

"Juzi ulisema mimi si mume wako," Lomayani akasema. Watu waliokuja kutazama wakacheka.

"Yeyo," akamgeukia mama mkwe, "wewe hushinda hapa zizini mchana kutwa. Nani aliwashika ndama?"

"Macho yangu haya, mwanangu, yanaona wapi?" Bibi akajibu, akiendelea kutunga shanga ndogo kama mbegu za mtama bila kukosa tundu hata moja. Nyumba ya Kakenya ndiyo iliyokuwa ikimpikia kila siku.

Basi, ng'ombe wakahama.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Seenoi huenda zizini na kibuyu chake, na kila asubuhi Kakenya humpokea langoni.

"Hawa si wako tena, dada. Hujui? Ulishindwa mbele ya mumeo. Shanga nilizibadilisha mimi, kwa mikono hii. Nenda kamwambie."

Kila asubuhi habari ni mpya, na humchoma upya. Seenoi hupiga yowe, hukaa langoni amsubiri Lomayani aliyeko malishoni, akirudia: shanga, Kakenya, Moringe. Kisha mtu humpitia na salamu, naye huitikia.

Jua likishuka, Lomayani hurudi.

"Unangoja nini hapo, mama Moringe?"

Hutabasamu. Hajui.