Mashine ya Atakayebaki

Abdulmajid hakuuliza kama kompyuta mpya inahitajika. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa na ile ya zamani, ambayo kioo chake kilikuwa na doa la njano pembeni na ambayo ilizima yenyewe kila ilipobebeshwa video ya harusi nzima. Alichouliza ni ipi inunuliwe, na alimwuliza mpwa wake Ikram kwa sababu ndiye aliyekuwa akikaa mbele ya mashine hiyo.

“Pima,” alimwambia, “halafu uniambie.”

Ilikuwa Agosti, mwaka 2020. Kompyuta waliyoitaka ni ya mezani, ya aina ile ambayo kioo na mashine ni kitu kimoja, bila sanduku la pembeni. Kampuni inayozitengeneza ilikuwa imetoa toleo lililoboreshwa: umbo lilelile la miaka mingi, vitu vya ndani vipya. Lakini mwezi Juni kampuni hiyohiyo ilikuwa imetangaza kwamba itaacha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inazonunua kwa wengine na kuanza kutumia zake yenyewe, na kwamba kuhama huko kutachukua kama miaka miwili. Kwa hiyo aliyenunua Agosti alinunua kitu bora cha aina inayoondoka.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Abdulmajid, Ujiji. Kazi yake ilifuata mwezi. Giza likiwapo, wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Mwezi ukipevuka, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapandishwa mchangani, na hapo ndipo vijiji vya ufukweni huoana. Shadia, mke wa mtoto wa Abdulmajid, alikwenda na kamera. Ikram alibaki akihariri alichorudi nacho.

Ikram alikuwa na jambo moja ambalo mjomba wake hakulijua. Studio moja ya Arusha, inayotengeneza filamu za wanyama, ilikuwa imempigia simu na kumpa kazi ya uhariri kuanzia mwanzoni mwa Oktoba. Aliitaka. Hakumwambia Abdulmajid, ambaye alimchukua akiwa binti mdogo mama yake alipofariki, na kumsomesha hadi chuo Dar es Salaam kwa ufundi wa kutengeneza karabai za wavuvi pale Kibirizi. Alijua kwamba deni hilo la shukrani si hoja dhidi ya Arusha. Alijua pia kwamba hakuwa na hoja ya kulijibu.

Tathmini yake aliitoa baada ya swala ya alasiri, mjomba akiwa ameketi kwenye kochi la wateja. Alisema toleo lile lina kasi na kioo kizuri, na lile kubwa lina kimlango nyuma kinachofunguliwa kwa mkono ili kuongeza memori, jambo ambalo mashine nyingi za siku hizi hazina. Akasema vilevile kwamba kampuni ikishahama, programu mpya zitaandikwa kwa ajili ya prosesa mpya. Za zamani zitahudumiwa kwa muda, na hakuna aliyejua muda huo ni mrefu kiasi gani. Ushauri wake ulikuwa wasubiri.

Kila neno lilikuwa kweli. Lilikuwa na faida kwake pia. Pasipo na mashine mpya, alifikiri, hakuna wa kufungwa nayo.

Abdulmajid alisikiliza hadi mwisho. Mabadiliko ya namna hiyo aliyaelewa kuliko wengi. Aliyaona wavuvi walipoacha karabai na kushika taa za sola.

“Taa za kwanza za sola ziliingia maji,” alisema. “Waliozikimbilia walirudi kwangu na karabai zao wakiona aibu. Zilizokuja baadaye ndizo zilizonifungia duka.”

Ikram akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kusubiri zaidi: wasiichukue hata mashine ya kwanza ya prosesa mpya, waingoje ya pili. Lilikuwa jibu sahihi, na alilitoa haraka, kama anayemaliza hesabu.

“Basi tusubiri,” alisema mjomba. Uso wake ulikuwa umelainika. “Miaka miwili, mitatu, si mingi. Mimi nilidhani utaniambia una haraka.”

Hapo ndipo Ikram alipoona alichokifanya. Alikuwa ametafuta njia ya kutofungwa na meza, na badala yake alikuwa ametoa ahadi ya kukaa nayo mpaka kampuni ya mbali imalize kubadilisha prosesa zake. Angeweza kusahihisha papo hapo. Hakusahihisha.

Asubuhi ya pili alikuja Bonifasi, mwenye mitumbwi ya dagaa kijijini Mwamgongo. Alikuwa amefika Kibirizi na boti ya abiria, viatu mkononi, na aliingia akisalimu kwa Kiha, “Mwakeye,” kama aliyefika kwake. Alikuwa anamwoza binti yake wa pili mwakani, na alitaka kuuweka mwezi mpevu wa baada ya Pasaka kabla haujachukuliwa na mwingine. Abdulmajid akamweleza habari ya kompyuta, kwamba Ikram ameshauri wasubiri, hivyo yupo, mwezi huo na mingine itakayofuata.

Ikram alikuwa anamimina chai. Alijaza kikombe, akakisogeza kwa mgeni, akakaa kimya.

“Eti huku kwenu,” Bonifasi alisema, “binti akiulizwa mume akanyamaza, amekubali?”

“Ndivyo,” alisema Abdulmajid.

“Basi huyu ameshaolewa na kompyuta ambayo haijazaliwa.”

Wazee wawili wakacheka. Ikram naye akatabasamu, kwa kuwa heshima ilimtaka atabasamu, na tabasamu nalo likahesabiwa kuwa ndiyo. Kabla ya adhuhuri watu wengine wawili wa Mwamgongo walikuwa wamepewa miezi yao kwa neno lilelile.

Shadia alisubiri wageni watoke. Yeye peke yake alijua habari za Arusha.

“Wifi, mjomba umempa sababu za kompyuta,” alisema akikunja nyaya za kamera. “Zako utampa lini?”

Ikram alisema kwamba wakati haujafika. Shadia akasema wakati hauji kwa boti ya abiria hata akae kuusubiri ufukweni.

Siku zilizofuata Ikram alifanya kazi mlango wa studio ukiwa wazi, na bado alihisi hewa haitoshi. Mashine ya zamani ilizima, ikawaka, ikazima. Arusha walipiga simu, hakupokea. Kila aliyepita alimpongeza kwa kubaki, na kila pongezi aliijibu kwa adabu.

Kisha Thobias, muuza vifaa vya umeme karibu na stesheni Kigoma, akatuma ujumbe. Anapanda treni kesho kwenda Dar kuchukua mzigo. Kama wanaitaka ile kompyuta wamwambie leo, kwa sababu hatakwenda tena kabla ya mwaka kuisha.

Ikram akaipima upya. Sifa za mashine zilikuwa zilezile alizozieleza kwanza; hapakuwa na hata moja ya kufuta. Lakini tathmini ile ilikuwa na kasoro ambayo angeikataa kama ingekuwa ya mtu mwingine: haikusema inapimwa kwa ajili ya nani. Kwake yeye, anayetaka kwenda ambako kazi ni nzito na inabadilika, ilikuwa mashine ya kuachwa. Kwa mtu wa kuhariri harusi Ujiji, kwa programu zilezile, na kazi za miaka yote zikifunguka bila tatizo, ilikuwa ndiyo hasa. Ingemdumu. Na mtu huyo hakuweza kujifunza kwenye mashine inayozima.

Alimkuta mjomba uani akitengeneza mguu wa kiti. Akamwambia inunuliwe.

“Juzi ulisema tusubiri.”

“Nilijipimia mimi, mjomba. Sasa nimempimia Shadia.”

Abdulmajid aliendelea kupiga msumari hadi ukazama. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, “Wapi?”

“Arusha.”

“Lini?”

“Oktoba inapoanza.”

“Bonifasi nimempa neno.”

“Neno hilo nitalirudisha mwenyewe. Na la wale wawili.”

Abdulmajid aliweka nyundo chini. Alitoa simu mfukoni, akampigia Thobias, akaagiza. Toka siku ile alizungumza na Ikram kupitia kwa Shadia tu, hata wakiwa chumba kimoja: mwambie mwenzako chai ipo, mwambie mwenzako mlango ufungwe. Ikram alikuwa amesema ukweli, na nyumba ilikuwa nyembamba kuliko kabla hajausema.

Aliwapigia simu Arusha na kuikubali kazi, kisha akaenda Mwamgongo. Bonifasi alimsikiliza akiwa anageuza dagaa juani. Hakukasirika sana. Aliuliza tu kama huyo Shadia anajua kuwaondoa walevi kwenye picha jinsi Ikram alivyomwondoa shemeji yake katika harusi ya binti wa kwanza. Ikram akasema atamfundisha. Alisema ukweli, na aliporudi alianza na hilo, kwenye mashine ya zamani, kwa vipande vifupi ambavyo havikuizima.

Kompyuta ilifika katikati ya Septemba ndani ya boksi lake, bila mkwaruzo. Abdulmajid alikuwa amemwita fundi wa vyuma atengeneze kishikio cha kuikaza mezani, wezi wasije wakaibeba. Alikikaza mwenyewe, nati baada ya nati, akaitikisa meza kuona kama inacheza. Haikucheza.

Mbele ya kompyuta aliweka kiti cha Shadia. Kisha akaenda uani, akarudi na kile alichokitengeneza mguu, akakiweka pembeni ya cha kwanza, nyuma kidogo.

“Hiki cha nani?” Ikram aliuliza.

Mjomba alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya msumari.

“Cha mgeni,” alisema. “Kaa.”

Ikram akakaa. Shadia aliwasha mashine, akafungua harusi ya mwezi uliopita, akauliza aanzie wapi. Ikram alinyoosha mkono kushika kipanya, kisha akaurudisha mapajani, akamwambia Shadia pa kuanzia.