Uzi Unaopumua

Saa mbili na robo asubuhi, Bi Sampuli alifungua shada la kwanza la uzi wa rangi mseto, akalinyoosha mezani kando ya rula, akaanza kupima. Buluu sentimita tisa, kijani sita, manjano nne, halafu kijivu ambacho hakikuwemo kwenye oda.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika karakana ile ya kutarizi. Wenzake wanane walishona, yeye alichambua. Uzi wa rangi moja hauna maneno, lakini huu unaobadilika rangi njiani una vituko vyake: ukiushona kwa mshono wa mnyororo, rangi hurundikana mafungu mafungu, ukijaza ua kwa nyuzi zilizobanana, unatoka michirizi kama godoro la hospitali. Alikuwa akijaribu kila mshono kwenye kitambaa kidogo, anaandika rangi ipi itaangukia wapi, na wenzake wanafuata. Ndipo lilipotoka jina la Sampuli, na siku hizi hata mumewe alimwita hivyo.

Asubuhi hiyo alishona jani moja kwa mshono wa kujaza. Alipolimaliza, likaanza kupumua. Kitambaa kilipanda kidogo, kikashuka, kikapanda tena. Jirani yake, mama mtu mzima mwenye mazoea ya kuchomeka sindano saba begani, alitupa jicho.

"Wako pia?"

"Wangu pia."

"Weka mkasi juu. Wangu tangu wiki iliyopita unanivurugia mistari."

Akaweka mkasi. Jani liliuinua kwa shida, na mwisho wa pumzi likatoa mluzi mwembamba. Mluzi ule aliujua. Alilala kitanda kimoja na mdogo wake miaka kumi na miwili. Angeutambua hata katikati ya soko. Na mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, ndiye aliyekuwa akichovya mashada yale kwenye rangi, kwa mkono, katika jengo la ng'ambo ya uwanja.

Alifanya lile analolijua. Alikata vipande vitatu vya kitambaa, akashona jani lile lile kwa mishono mitatu, akatega sikio. Mnyororo uliiacha pumzi ipite, ingawa ilijikwaa kila ilipofika kwenye kijivu. Bandi, ule mshono wa kurukaruka, kwa zile nafasi zake, ilipumua vizuri kuliko yote. Mshono wa kujaza ulikuwa unakaba. Akayaandika hayo daftarini kwa mwandiko wake wa kila siku.

Saa sita Kitinda alivuka uwanja kuja kula naye, mikono buluu hadi viwikoni.

"Dada, leo sijui nililala vibaya. Saa tatu hivi nilibanwa kifua kama mtu kanikalia."

Saa tatu ndiyo saa lilipomalizika lile jani. Bi Sampuli akalirudisha tonge sahanini.

"Madirisha mnafungua?"

"Yamepigiliwa misumari, si unajua. Eti vumbi linatia madoa kwenye uzi. Tunavuta mvuke tu." Akakohoa, akacheka. "Makohozi yangu yana rangi nne. Ungeyachambua."

"Usirudi mchana huu."

"Nikae nyumbani nile nini, dada? Uzi?"

Akarudi kazini.

Bi Sampuli alilifumua jani la kwanza tundu kwa tundu, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kisha akapanda ngazi kwa msimamizi, na daftari mkononi.

"Uzi huu unapumua," alisema.

"Nimeambiwa. Wateja wameupenda. Mmoja anasema unambembeleza usingizi."

"Ni pumzi za watia rangi. Kila shada na aliyelichovya. Hiki kijivu ni pale pumzi inapokatika. Wiki iliyopita kilikuwa nusu sentimita, leo ni tatu. Wafungulieni madirisha."

Msimamizi alisoma ukurasa wote bila haraka, maana alikuwa mtu makini. Akausifu mwandiko. Akauliza kama kijivu kinaweza kuangukia kwenye mashina ya maua, kisionekane sana.

"Kinaweza," alisema Bi Sampuli, kwa kuwa ilikuwa kweli. "Lakini wale ni watu."

"Basi tusiwabane. Kuanzia kesho uzi huu ni bandi na mnyororo tu. Madirisha hayako chini yangu."

Tangazo likabandikwa. Wenzake walilisoma wakabadilisha mshono, na hakuna aliyenung'unika, kwani bandi ni kazi nyepesi. Kitinda alipata nafuu siku tatu. Bi Sampuli naye akajipa kazi mpya: kila boksi lilipofika, aliyasogeza mashada sikioni moja moja hadi ausikie ule mluzi, ndipo akae. Kijivu kilifika sentimita tano.

Alhamisi yakaja mashada arobaini. La kumi na moja lilikuwa kimya. Akalihamishia sikio la pili. Akalipuliza. Kimya. Alilitupa pembeni, akayapekua mengine kwa mikono miwili, na la thelathini na sita likapiga mluzi, hafifu. Akakaa chini sakafuni. Alifurahi, halafu akaiogopa furaha yenyewe.

"Ni mzee wa pipa la tatu," Kitinda alimwambia mchana, alipoulizwa shada lile ni la nani. "Yule aliyekuwa akituimbia. Alianguka jana, shada bado mkononi. Leo wameleta mwingine. Na madirisha wameyaongezea gundi, wanasema upepo ulikuwa unapenya."

Shada lile lilishonwa, kwa sababu lilikuwemo kwenye oda. Mama wa sindano saba alilishona kwa mshono wa kujaza, kwa kuwa hapakuwa na wa kukabwa. Ua likatoka bapa, limetulia, kijivu kimelala sawasawa bila doa. Ijumaa asubuhi msimamizi alilitazama kwa muda mrefu, akalitundika mbele ya meza ya Bi Sampuli.

"Hivi ndivyo ninavyotaka yote yawe," alisema kwa upole. "Hebu lichambue, tujue limefanywaje."

Bi Sampuli akachukua rula. Kijani sentimita mbili, akaandika. Kutoka hapo, kijivu hadi mwisho. Aliandika polepole sana, kwani boksi la siku hiyo lilikuwa limeshafika, liko pale mlangoni, na alikuwa hajalifungua.