Wenye Damu

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumatatu ya wiki ya tano ya masomo ya kiangazi, Marlys Tackett alivaa glavu mbilimbili, akafungua friza kubwa ya ghorofa ya tatu, akatoa trei ya vichupa ishirini na vinne vya damu. Alivipanga mezani viyeyuke, akaandika saa kwenye daftari, kisha akaenda kuvuta viti. Profesa Voorhees alikuwa amemfundisha hivyo tangu siku ya kwanza. Damu ikianza kuyeyuka, wenyewe waliokwisha kufa huja, na si adabu kuwaacha wamesimama.

Siku hiyo walikuja wanne. Waliingia kwa mlango, wakapangusa viatu, wakaketi kwenye viti vya plastiki vya bluu chini ya dirisha. Juu yao palibandikwa karatasi: wageni wa sampuli wasipewe chakula, wasiguse mashine, na wanafunzi wasijadiliane nao matokeo. Damu iliporudishwa kwenye baridi waliinuka, wakaaga, wakashuka ngazi. Wale ambao bado walikuwa hai hawakuja. Walikuwa kazini.

Kila kiangazi chuo kilichukua wanafunzi thelathini wa sekondari, kikawalaza bwenini kwa wiki sita, na kila mmoja akapewa utafiti wake na profesa wa kumwongoza. Wengi walitoka shule zenye maabara bora kuliko za vyuo vingine. Marlys, mwenye miaka kumi na saba, alitoka Corley Bend, mji wa kiwanda kimoja kando ya mto Ohio. Kiwanda kilipaka vikaango dawa ya kuzuia chakula kisishike, na maji yake yaliishia mtoni. Kiwanda hichohicho ndicho kilichofadhili masomo ya kiangazi, na kila mwaka nafasi moja iliwekwa kwa ajili ya mtoto wa mji. Wenzake walimwita "zawadi ya kiwanda", usoni pake, huku wakicheka, naye alicheka nao.

Vichupa vyote vya friza, mia mbili na kumi na viwili, vilikuwa vya damu ya watu wa Corley Bend, iliyotolewa miaka sita nyuma katika ukumbi wa zimamoto. Kazi ya Marlys ilikuwa kupima dawa ya kiwandani imeingia kiasi gani katika kila kichupa, kisha kuangalia kama inakwenda sambamba na ugonjwa wa figo.

"Leo wamekuja wangapi?" aliuliza Sloane Whitcomb, msichana wa Connecticut aliyelala naye chumba kimoja, wakiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana.

"Wanne."

"Wewe una bahati. Mimi nzi wangu wa utafiti wamekufa wote mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunipa pole."

Jumatano ilifika zamu ya kichupa namba themanini na nane, na baba yake Marlys akaingia. Orrin Tackett alikuwa amefariki miaka minne iliyopita kwa saratani ya figo. Alikuja vile alivyokuwa siku alipotolewa damu, mnene, amevaa ovaroli ya kazini, na boksi lake la chakula mkononi. Alichagua kiti cha mwisho.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Umekata nywele."

"Ziliniingia kwenye mashine, baba."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Bado yuko kantini ya kiwandani."

"Nilidhani ameacha."

"Aache aende wapi?"

Orrin alikubali kwa kichwa. Marlys aliingiza sampuli kwenye mashine, moja baada ya nyingine. Alikuwa amelia vya kutosha akiwa na miaka kumi na mitatu. Sasa alijikuta anaona haya tu, kama mtu aliyefuatwa na mzazi shuleni. Matokeo yalipotoka baba yake alinyoosha shingo.

"Yangu imesemaje?"

Marlys aliitazama karatasi ya ukutani, akautazama mlango. "Kubwa," akasema kwa sauti ya chini. "Kubwa kuliko zote mpaka sasa."

Uso wa Orrin ulichangamka. Akamgeukia bibi kizee wa kiti cha pili, jirani yake wa zamani, aliyeitwa Hester Lumley. "Umesikia? Miaka ishirini na tatu kwenye mashindano ya kuviringisha mipira pale mjini, sikuwahi kupata hata kikombe cha mshindi wa tatu."

"Usijigambe," alisema bibi Hester. "Mimi bado sijapimwa."

Profesa Voorhees alikuwa mama mwenye sauti laini, aliyewaletea wanafunzi cheri za mti wake katika bakuli la udongo. Aliyasoma matokeo, akamwambia Marlys arudie sampuli zote zilizokuwa juu mno, maana mashine nayo huchoka. Kila kipimo kilikula sehemu ya damu, na kichupa kimoja kilitosha vipimo vitatu hivi.

Mara ya pili Orrin alikuja amepungua, ovaroli ikining'inia. Mara ya tatu alikuja kama alivyokuwa wiki ya mwisho hospitalini, mashavu yamebonyea, na boksi la chakula akalibeba kwa mikono miwili. Namba ilikuwa ileile. Za wengine pia, kumi na mmoja kwa jumla. Marlys alichora mchoro, na mstari ukapanda kama ngazi, na kwenye kilele chake wakakaa hao kumi na mmoja, wote wamekufa, wote kwa figo.

Alimpelekea Profesa akiwa na furaha asiyoweza kuificha. Profesa aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Kazi safi sana," akasema. "Sasa hizi nukta kumi na moja zinauvuta mstari. Ukiziondoa, mstari unalala."

"Nimezipima mara tatu, Profesa."

"Najua. Ndiyo maana nimesema kazi safi."

"Lakini ni watu kumi na mmoja."

"Ni sampuli kumi na moja zilizozidi kiwango ambacho mashine yetu inaaminika. Kula cheri."

Marlys hakula. "Mmoja ni baba yangu."

"Najua, mpenzi. Nilimwona pale kitini." Profesa alimshika bega. "Kwa hiyo unaelewa kwa nini si vizuri wewe kumtetea. Mtafiti hapimi ndugu zake. Kwa haki kabisa ilinipasa nikutoe kwenye utafiti huu wiki iliyopita, nimpe Sloane amalizie, maana yeye hana kazi tangu nzi wafe. Sikutaka. Nilitaka jina lako likae juu ya bango la utafiti, halafu nikuandikie barua ya kuombea chuo. Unajua barua yangu inafungua milango gani?"

Marlys alijua. Wote thelathini walijua.

"Nipe jibu Ijumaa," alisema Profesa. "Zilizoondolewa hazirudi kwenye friza. Utaziyeyusha, utazimwaga kwenye dawa ya kuua vijidudu, kama kawaida."

Ijumaa asubuhi aliyeyusha vichupa kumi na kimoja. Kila kimoja kilikuwa na tone lililobaki chini kabisa. Wakaja wote kwa pamoja, wamekonda hivi kwamba mwanga wa dirisha uliwapenya. Viti vilikuwa vinane. Watatu wakaegemea ukuta. Marlys aliwaeleza, kwa sababu hakuona namna ya kutowaeleza.

"Tumeondolewa kwa kosa gani?" aliuliza bibi Hester.

"Mmezidi."

"Tumezidi nini?"

"Mmezidi tu, bibi."

Orrin alikohoa. "Na ukikataa?"

"Leo hii narudi nyumbani, na mwingine anaumaliza utafiti hivyohivyo."

"Na ukikubali?"

"Naenda chuo. Sirudi Corley Bend."

Alingoja baba yake aseme neno. Angesema fanya, angefanya. Angesema usifanye, alikaribia kuwa na hakika kwamba angevua glavu na kuondoka. Orrin aliitazama mikono yake.

"Usiniulize mimi," akasema hatimaye. "Mimi nilitia sahihi kila karatasi waliyoniletea."

Marlys alichukua kichupa cha kwanza, akakimimina kwenye jagi la dawa, na mtu mmoja wa ukutani akawa hayupo. Akamimina cha pili. Hakuna aliyempigia kelele. Bibi Hester alisema tu, "Mwambie mwanangu afungue dirisha la jikoni, limevimba," na alipotaka kueleza ni dirisha lipi, kiti chake kilikuwa kitupu. Baba yake, Marlys alimwacha awe wa mwisho.

"Hebu nitajie ile namba tena," alisema Orrin.

Marlys aliitaja. Orrin aliirudia kwa midomo, taratibu, kama mtoto anayekariri njia ya kwenda dukani asije akapotea, na alikuwa bado anairudia pale Marlys alipoinamisha mkono. Kisha Marlys akaviweka viti kimoja juu ya kingine na kuandika kwenye daftari: kumi na moja zimeondolewa, saa nne na dakika ishirini.

Jumamosi, siku ya kufunga masomo, mabango yalitundikwa kwenye ukumbi mkubwa, na wazazi wakaja. Bango la Marlys lilikuwa na sampuli mia mbili na moja na mstari uliolala kama kitanda kilichotandikwa. Bwana mmoja wa kiwandani, mwenye tai ya kijani, alipeana naye mkono mbele ya wapiga picha, akamwita "mtoto wetu". Sloane alipiga makofi kuliko wote, kwa moyo mweupe kabisa.

Mama yake, Verna, alikuwa amekuja kwa basi lililowaleta watu wa Corley Bend, amevaa gauni la kanisani. Alisoma bango lote, kidole kikifuata maneno, mpaka akafika mwisho.

"Kwa hiyo maji yetu hayana neno?"

"Mstari umelala, mama."

"Mungu ashukuriwe. Baba yako alikufa na wasiwasi huo. Laiti angekuwepo akaona."

Profesa Voorhees alikuwa amekwisha kuwafikia, akimpa Verna mkono na bakuli la cheri. Alieleza kwamba kiwanda kimefurahi mno hata kimekubali kufadhili awamu ya pili, na kwa kuwa watu wa mji wamefika wenyewe, meza ya kutolea damu imeandaliwa pale koridoni, haitachukua hata dakika tano.

"Kama inamsaidia binti yangu," alisema Verna, na tayari alikuwa anakunja mkono wa gauni.

Palikuwa na foleni fupi. Nesi alitafuta mshipa, akamwomba Marlys ashike kichupa, kwa kuwa Profesa alikuwa amemsifia mkono wake mtulivu. Verna alimtazama bintiye, hakuitazama sindano.

"Chukueni nyingi," akasema. "Isije ikawapungukia."

Damu ilijaa mpaka kwenye alama. Marlys aliandika 213 kwa kalamu isiyofutika, akakipindua kichupa mara nane, polepole, kama alivyofundishwa, ili damu isigande.