Jina la Birago Kwenye Bango

Pokuaa alikuwa amechoka, na huo ulikuwa uchovu wa miaka, si wa siku moja. Tangu afungue duka lake la mabango ya msiba pale Kumasi, kila mteja hutaka herufi ileile: yenye mashina manene, vistari vyembamba kama uzi na mikia iliyojikunja kwa madaha. Ukiandika nayo maneno mawili makubwa, "Ameitwa Utukufuni", hata mpita njia wa ng'ambo ya barabara husimama. Ukiandika nayo majina kwa ukubwa mdogo, vistari hupotea kwenye kitambaa, vikabaki vijiti tu. Ameshaeleza hayo mpaka mdomo umemkauka.

Alhamisi moja alikuja mzee aliyeitwa kwa heshima Nana Boadi, mkuu wa ukoo wa marehemu Addae, pamoja na mjane, Yaa Birago. Birago aliishi na Addae miaka thelathini bila kupata mtoto, na ukoo ulishaanza kunong'ona kwamba hakuwa mke, alikuwa mpangaji. Watu wasipoliona jina lake kwenye bango, Jumamosi, siku ya mazishi, hakuna atakayempa mkono wa pole, na Jumatatu atatolewa nyumbani.

Aliomba jambo moja tu, jina lake liandikwe kwa ile herufi ya madaha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye kadi yao ya harusi. Alikuja na kadi hiyo, kaifunga kwenye leso. Boadi akakubali upesi mno. Birago alipotoka kunywa maji, mzee akainama.

"Mpe herufi anayoitaka, mwanangu. Ila iwe ndogo, kule chini pembeni."

"Ikiwa ndogo haitasomeka, Nana."

"Kwani nimesema isomeke?"

Loo, mzee mzima na mvi zake! Lakini misiba yote ya ukoo ule huja kwa Pokuaa, na ndiyo inayomweka mjini. Akaliandika jina dogo, pembeni, kama alivyoagizwa. Alitaka tu kumaliza akalale.

Birago akarudi, akakitazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

"Nitaonekana mpaka barabarani?"

Pokuaa alishindwa kumtazama usoni. "Utaonekana, mama," akasema, na akajichukia.

Jumamosi asubuhi alikwenda kulitundika mwenyewe bango alilolipanga upya usiku. "Ameitwa Utukufuni" ilikuwa kwa herufi za kawaida, zisizo na pambo lolote. Chini yake, karibu upana wote wa kitambaa, herufi ya madaha ilijimwaga: "Mke wake, Yaa Birago". Waombolezaji walikuwa wameshaanza kuingia, na kulishusha bango mbele yao ni aibu ya ukoo mzima. Boadi alilijua hilo. Alimsogelea Pokuaa, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna mtu wa ukoo wake atakayekanyaga tena dukani kwake.

"Nimesikia, Nana," akajibu. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa hata kuogopa.

Watu walilisoma bango, kisha wakapanga mstari mbele ya kiti cha mjane. Pokuaa naye akajipanga nyuma yao. Zamu yake ilipofika, Birago aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, na ile kadi ya harusi ikiwa katikati.