Gamba la Mjomba

...hapana, nimesema hapana, hajapakwa kitu, nimemjibu haraka haraka kama mtoto aliyeulizwa nani kamaliza sukari, na daktari akaandika hapana kwenye karatasi yake, nimeiona, kisha akasema mshikilie hapo hapo asianguke, akaenda kunawa, na sasa maji yanatiririka kwenye sinki na mimi nimesimama mbele ya meza ya chuma nimemshika Mjomba kwa mikono miwili, shingo yake imetoka nje ya gamba, ndefu, imekunjamana, mdomo wazi, anavuta pumzi kwa mlio wa bawaba kavu, na nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki Mama amekaa na mkoba mapajani, macho yake hayaoni ila vivuli, lakini masikio, jamani, masikio ya Mama husikia hata ninachokiwaza, basi nisiwaze, niangalie ukuta, nihesabu vigae... wiki tatu hajala, si nyanya, si majani, si ganda la tikiti analolipenda kuliko sisi sote, na daktari kasikiliza mapafu, kamulika kinywa, kasema hakuna kidonda, hakuna usaha, kapungua mno lakini sababu siioni, lazima kuna kitu kimebadilika hapo nyumbani, akanitazama mimi, kwa nini anitazame mimi, na Mama yupo... Mjomba, usife, nakuomba, usifie mikononi mwangu mbele yake, wewe ndiwe uliyebaki, alikuja na wewe siku alipoolewa, ndani ya kapu, Baba akafunua akasema kumbe nimepewa na shemeji, jina likakaa, akawa shemeji wa Baba, na sisi tulipozaliwa tukamkuta mjomba, mjomba mwenye miguu minne asiyegombeza mtu, wenzangu shuleni walinicheka na mimi nikajivuna, mjomba wa nani kati yenu ana nyumba mgongoni, lakini watu wa kwao Mama wamekwisha mmoja mmoja, mwaka jana dada yake wa mwisho, na siku ile alirudi kutoka mazikoni akakaa sakafuni akasema, haya, tumebaki mimi na wewe, hakuwa akisema na mimi... na kila asubuhi hatoki kitandani mpaka asikie gamba likikwaruza mlango wa jikoni, krr, krr, ndipo anasema kumekucha, na wiki tatu hizi hakuna krr, analala tu macho juu, nami namwambia ni baridi, Mama, kobe hawapendi baridi, baridi gani, jasho linanitoka... ilikuwa vanishi kidogo tu, kabati la mteja limekwisha, kopo lina vidole viwili vimebaki, na fundi hamwagi vanishi, inaganda, ni dhambi, na yeye akapita mbele ya karakana polepole, mweupe kwa vumbi, amechakaa kama kiatu cha mlinzi, nikasema leo Mjomba utang'aa mpaka Mama akuone, hivyo ndivyo nilivyosema, mpaka akuone, nilitaka jambo zuri, wallahi nilitaka jambo zuri, na kwa kuwa Baba alinifundisha usipake juu ya uchafu, nikaanza na msasa... hapo, hapo ndipo sitaki kufika... kwa sababu daktari alipombonyeza mgongoni kasema taratibu, watu wanadhani gamba ni nyumba tu, ni mwili huu, uti wa mgongo umeshikana nalo, anahisi kila kitu, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa njia ya kwenda posta, miaka thelathini napiga msasa vitu visivyohisi, na siku ile aliingiza kichwa ndani, akaingiza miguu, nikacheka, nikasema Mjomba ana haya, nikaendelea, msasa mkavu, kisha kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi, kisha vanishi, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikamweka karakana mlango umefungwa asishike vumbi, siku nzima, ndani ya ile harufu inayonitoa machozi hata mimi niliyeizoea, na yeye hana mlango wa kutokea, Mungu wangu, alikuwa akivuta hiyo... lakini huenda siyo, huenda ni uzee tu, ni minyoo, daktari mwenyewe haijui sababu, kwa nini nijichongee mwenyewe, aandike dawa twende zetu... kiti kimelia, Mama ameinuka, naisikia fimbo yake, amekuja, amenyoosha mkono hewani anatafuta, na mimi nataka kumsogeza Mjomba pembeni, nataka kusema Mama mwache amelala, lakini mkono umeshafika, vidole vinne juu ya mgongo, vinateleza kama juu ya kioo, amerudia, pole pole, kila pingili ya gamba kama anayesoma, kisha amevipeleka vidole puani, na amenielekea na macho yake yasiyoniona.

"Toka Jumapili ile gamba halikwaruzi tena," amesema, kwa sauti ndogo ili isivuke yale maji. "Nilijua, baba. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Toka Jumapili ile, kumbe, wiki tatu, harufu ya vanishi amelala nayo miaka arobaini kwenye shati la Baba, angeikosaje, kila nilipomwambia baridi alijua si baridi, na hakusema mbele ya mke wangu, hakusema mbele ya watoto, amelala macho juu anamsikiliza ndugu yake akishindwa kupumua ili mwanawe asiaibike, kanichagua mimi, na mimi nikaupokea ukimya wake, nikaongeza na hapana juu yake, hata leo, hata hapa, na ninachoogopa sasa siyo kwamba atajua, ninaogopa zile wiki tatu, ninaogopa kwamba zingetosha kumponya... mkono wake haujaondoka mgongoni kwa Mjomba, mkubwa, umekauka, unapanda na kushuka pamoja na pumzi yake, na daktari bado ametupa mgongo ananawa mpaka viwiko, Mjomba bado ameachama, nasema daktari, hanisikii, nasema tena, daktari, naomba ufunge maji.