Mkuu Aseme wa Mwisho

Duka la fundi cherehani liliteketea lote, na dereva wa gari la zimamoto alilala na hasira, akaamka nayo. Kilichomkera si moto wenyewe. Ni bomba la mtaa ule, ambalo walipolifungulia lilikuwa kavu kabisa. Kabla ya moto alishajaribu kulisema kikaoni, akakatizwa kabla hajafika popote.

Asubuhi mkuu wa kituo aliwaita ofisini kwake kujadili yaliyotokea. Akaanza kama kawaida yake, kumwaga maneno kama redio iliyokosa kitufe cha kuzimia.

"Tatizo ni kwamba mlichelewa kuvuta mpira," alisema.

"Mkuu, lile bomba..." dereva akaanza.

"Subiri, dada. Sijamaliza."

Dereva akasimama. "Hujamaliza tangu mwaka jana, mkuu. Yule mama fundi kabaki barabarani na mkasi mkononi, basi. Leo tuzunguke meza. Kila mtu aseme alichokiona, asikatizwe. Wewe useme wa mwisho."

"Kwani hapa chekechea?"

"Chekechea wanasikilizana," alisema naibu wa mkuu, mtu mpole asiyependa mabishano. "Tujaribu, mkuu."

Mkuu akakunja uso, akaashiria waanze. Mshika mpira akasema bomba lile lilikuwa likitoa tope tangu barabara ilipochimbuliwa. Mpokea simu akasema wakazi walishapiga kulalamika. Naibu, macho chini, akakiri aliliona limekauka, akadhani mkuu anajua. Damu ikamchemka dereva upya. Kumbe wote walijua, kila mtu kivyake, na vikao vyote vile vilikuwa vya kumsikiliza mtu mmoja.

Zamu ikamfikia mkuu.

"Nilikuwa nawasikia mkianza," alisema. "Nilidhani ni malalamiko tu."

"Tulikuwa tunakupa taarifa," dereva akamrukia. Naibu akainua mkono kumzuia, maana haikuwa zamu yake.

"Mwache aseme," mkuu alisema.

Dereva akasema yote, na hakuna aliyemkatiza.

Siku ileile waliwaita watu wa idara ya maji, na mkuu akaenda mwenyewe kumwomba radhi fundi cherehani. Sasa vikao vyao huzunguka meza, mkuu akimalizia. Mara mojamoja hujisahau, na dereva humkazia macho hadi anyamaze. Bado hajamsamehe, wala hafichi.